Meza ya Jamaa: Mbwa Naye Apate Noeli, na Mtoto Asiumwe

Noeli imekaribia, na Bonane inaifuata nyuma. Katika vikundi vya akiba hesabu zimeanza: kilo ngapi za mchele wa Kiliba, kuku ni mmoja au wawili, nguo za watoto zitoke wapi.

Juma lililopita, wakati wa hesabu hizo, mama mmoja alileta swali lililochekesha kikundi kizima. Watoto wake waliona kwenye simu ya baba mdogo wao picha za Wazungu wanaompikia mbwa bisikwi za Noeli. Sasa watoto wanamwomba: "Mama, na Simba wetu naye tumpikie." Kabla hajamaliza kusema, mama mwenzake akamjibu: "Mimi watoto wangu wenyewe nyama wanaiona kwa macho sokoni. Nimpikie mbwa kwa makala ya nani?"

Wote wawili walisema jambo lenye maana, na leo tutawajibu wote wawili. Tutaeleza chakula cha sikukuu cha mbwa kinachotoka katika vile ambavyo mtu hali, kisichopunguza sahani ya mtoto hata kijiko kimoja. Halafu tutaeleza kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wamama kuliko tunavyodhani, maana siku za sikukuu ndizo siku mbwa na watoto wanakutana kwenye mfupa mmoja.

Mbwa wa kwetu ni nani?

Huku kwetu mbwa halali kitandani. Analala mlangoni, au chini ya mti wa mwembe, na kazi yake ni usiku. Katika mitaa iliyo karibu na mto Mulongwe na Kalimabenge, mbwa ndiye anayejua kwanza kwamba mtu amepita nyuma ya nyumba. Kule juu milimani anakwenda na wachungaji na wawindaji. Kwenye Ruzizi analinda shamba la mahindi dhidi ya nyani na dhidi ya watu.

Kongo yetu hata imewapa watu wa mbali mbwa mwenye sifa. Yule mbwa mdogo wa wawindaji wa misitu ya kaskazini, mwenye mkia uliojikunja na asiyebweka kama wengine, dunia inamwita Basenji. Wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni wapate kumsikia porini. Mwaka 1937 mbwa wa aina hiyo walionyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mbwa, na watu walipanga foleni kuwaona. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mbwa wa Kongo hana thamani.

Na kumpa mbwa kitu siku ya sikukuu si jambo la Wazungu peke yao. Kule Nepal, katika bara la Asia, ndani ya sikukuu yao kubwa iitwayo Tihar, kuna siku moja nzima ya mbwa. Wanawavika maua shingoni na kuwapa chakula kizuri, hata wale wasio na mwenyewe. Wamama wetu Waislamu nao wanajua vizuri hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani kumchotea maji mbwa mwenye kiu, na akasamehewa kwa huruma hiyo.

Bisikwi yenyewe ya mbwa ilianza na mabaki. Miaka ya 1860, Mmarekani aitwaye James Spratt alikuwa London. Inasimuliwa kwamba aliona mbwa bandarini wakila bisikwi ngumu walizotupa mabaharia. Akatengeneza bisikwi za kuuza, za unga, mboga na nyama, na huko ndiko biashara kubwa ya leo ya chakula cha mbwa ilikoanzia. Bandari ya Kalundu nayo ina mbwa wanaongojea mabaki. Tofauti ni kwamba sisi tutapika wenyewe bila kununua.

Swali la makala na la nyama

Tuanze na mama wa pili, yule wa makala. Mama, una haki. Nyumba ambayo mtoto analala na njaa, chakula cha kwanza ni cha mtoto, na hakuna mtu atakayekulaumu. Bisikwi tutakazoeleza hapa zinatumia vumbi la ndagala linalobaki chini ya gunia, vichwa vya mikeke tulivyokuwa tutupe, viazi vilivyochomwa na jembe wakati wa kuvuna, na moto wa makala yaliyobaki baada ya chakula cha jioni. Kama hata hivyo huna, basi mpe mbwa maji safi na ugali wa jana, na Noeli yake imetosha.

Lakini fikiria pia jambo hili. Mbwa asiyelishwa nyumbani anakwenda kujilisha. Anashinda kwenye jalala la soko na kwenye machinjio, anagombana na mbwa wasiojulikana, halafu jioni anarudi kulala karibu na watoto wako. Ugonjwa alioupata huko hauupati kwa jirani, unaupata wewe. Mbwa aliyekula akashiba anabaki uani, na mbwa anayebaki uani ni rahisi kumpeleka kwenye chanjo.

Vitu ambavyo hapewi, hata siku ya sikukuu

Kabla ya kupika, tujue sumu. Sikukuu inaleta nyumbani vitu ambavyo siku za kawaida havipo, na watoto wanapenda kugawa.

Kwanza, mifupa ya kuku iliyopikwa. Wengi watashangaa, maana ndiyo tunayotupa kila mara. Mfupa wa kuku ukipikwa unakauka na kuvunjika vipande vyenye ncha kama sindano. Unaweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Miiba migumu ya sangala na kuhe ni vilevile.

Pili, kitunguu na kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa. Vinaharibu damu ya mbwa, na akila vingi au kila siku anaishiwa nguvu. Kwa hiyo mchuzi wa sikukuu uliokolezwa vitunguu na Maggi, wenye chumvi nyingi, usiwe chakula chake. Makayabu pia, kwa sababu ya chumvi.

Tatu, shokola na kahawa. Ndugu anayetoka Bujumbura au Bukavu na shokola za watoto, watoto wazile wenyewe. Moyo wa mbwa hauvumilii kitu kilichomo ndani ya kakao. Zabibu kavu za keki nazo zinaua figo zake. Na shuingomu zile zinazoandikwa kwamba hazina sukari, nyingine zina utamu ambao kwa mbwa ni sumu kali.

Nne, pombe. Kila Bonane utakuta vijana wakimnywesha mbwa bia au kasiksi ili wamcheke anavyoyumba. Mwili wake ni mdogo, anaweza kufa usiku huohuo. Tuwakataze vijana wetu waziwazi.

Tano, muhogo mchungu ambao haujalowekwa. Sumu yake ndiyo ileile inayowaletea watu ugonjwa wa miguu uitwao konzo. Muhogo wa mbwa uwe ule uliolowekwa, ukaanikwa na kusagwa kama wetu.

Sita, na hili tulisikie vizuri: unga ulioota ukungu. Wengi wetu unga wa mahindi ukishika unyevu, ukiwa na harufu na madoa ya kijani, tunasema "huu ni wa mbwa na kuku." Ukungu huo unaacha ndani ya unga sumu iitwayo aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 kati yao walikufa. Mbwa ini lake ni dhaifu kwa sumu hiyo, na kuku akiila anaweza kuirudisha kwetu kidogo kidogo kupitia yai. Unga ulioota ukungu ni wa kutupa shimoni, si wa kumpa yeyote.

Bisikwi za ndagala

Sasa tupike. Kipimo hiki kinatoa bisikwi ndogo kama arobaini.

Tafuta vikombe viwili vya unga wa mahindi ulio safi, nusu kikombe cha unga wa muhogo ili vishikane, nusu kikombe cha ndagala zilizosagwa, kiazi kitamu kimoja kikubwa kilichochemshwa, na maji ya moto. Yai ni zuri kama kuku ametaga, lakini bila yai zinatoka vilevile. Usitie chumvi, usitie sukari, usitie mafuta.

Anza na ndagala. Vumbi la chini ya gunia lina mchanga, kwa hiyo limwage ndani ya beseni la maji, koroga, ngoja kidogo. Mchanga unashuka, ndagala zinaelea. Ziokote, zikaushe juani au juu ya mbabula, kisha zitwange kwenye kinu mpaka ziwe unga kabisa. Kazi hii mtoto wa miaka kumi anaiweza.

Ponda kiazi mpaka kisiwe na vipande. Changanya unga, ndagala na kiazi. Mimina maji ya moto kidogo kidogo huku ukikanda, mpaka donge liwe gumu lisiloshika mikononi. Lipumzike kwa muda wa kuosha vyombo. Halafu litandaze juu ya ubao uliopakwa unga, unene wa nusu ya kidole, ukatumia chupa safi kulisukuma. Watoto wakate kwa kifuniko cha chupa: wengine watakata nyota, wengine mwezi, wengine mfupa. Waacheni, mbwa hatachagua.

Kuoka, fanya kama keki zetu za sufuria. Weka mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa kuukuu, unene wa vidole viwili, weka juu yake sahani ya chuma yenye bisikwi, funika, tia makala machache ya moto juu ya kifuniko. Moto wa chini uwe mdogo. Baada ya dakika ishirini geuza, ngoja tena kama dakika ishirini. Bisikwi iliyoiva inalia "ko" ukiigonga kwa ukucha. Kama bado ni laini ndani, imalizie juani ikiwa imefunikwa chandarua, nzi wasiipate.

Zikipoa kabisa, zitie ndani ya kopo lenye kifuniko. Zikiwa kavu zinakaa juma moja. Ukiona ukungu, rudi kwenye sharti la sita.

Ni ngapi kwa siku? Kanuni ya waganga wa mifugo ni kwamba vitu vya kumfurahisha mbwa visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Mbwa wetu wa kawaida, asiye mkubwa, bisikwi tatu au nne zinamtosha. Mtoto mdogo akionja moja kwa siri, msiogope, hamna kitu kibaya ndani yake.

Sufuria ya siku yenyewe

Siku ya Noeli, wakati sisi tunakula wali, mbwa naye apate sufuria yake. Chukua vichwa vya mikeke vilivyobaki, vichemshe bila chumvi mpaka viachane. Toa mfupa mgumu na mwiba wowote unaouona, ponda vilivyobaki kwa mwiko. Mchuzi wake upike nao ugali mwepesi wa mahindi, na utie lenga-lenga kidogo au boga lililochemshwa. Acha upoe. Mbwa anayeunguzwa mdomo anajifunza kumwogopa mpishi.

Kwa wale wa bara ambao hawana samaki, pafu la ng'ombe au la mbuzi linafaa, na sokoni bei yake ni ya chini kuliko nyama nyingine. Lichemshe muda mrefu, likate vipande vyembamba, uvianike au uvikaushe juu ya mbabula ya moto mdogo mpaka vikauke kama ngozi.

Chombo cha mbwa kiwe chake peke yake, na kioshwe mbali na vyombo vya watu. Wamama Waislamu wanaishika desturi hiyo tangu zamani kuhusu mate ya mbwa, na kwa afya ya nyumba ni desturi nzuri kwa kila mmoja wetu.

Ini lenye vifuko vya maji

Siku ya kuchinja mbuzi, iwe Bonane, iwe Iddi, iwe arusi, mbwa wote wa avenyu wanajua. Wanazunguka, na mchinjaji anawatupia matumbo. Mara nyingine ini au pafu lina vifuko vyeupe vyenye maji, na mchinjaji anasema, "Hili halifai, mtupie mbwa." Hapo tusimame.

Ndani ya kifuko kile mna mtoto wa mnyoo mdogo uitwao ekinokoki. Mbwa akikila kibichi, mnyoo unakua ndani ya utumbo wake, na mayai yake yanatoka na mavi ya mbwa. Mayai yanashika kwenye manyoya yake, kwenye udongo wa uani, kwenye mboga zilizopandwa chini. Mtoto anamshika mbwa, anakula andazi bila kunawa, anameza yai. Miaka inapita. Kifuko kilekile kinaanza kukua ndani ya ini au pafu la mtoto, na kinaweza kuwa kikubwa kama kichwa chake kabla hakijajulikana. Turkana, kaskazini ya Kenya, ambako watu na mbwa wanaishi karibu sana, ni mahali pamojawapo duniani palipoumizwa zaidi na ugonjwa huo.

Dawa yake haina gharama. Kiungo chenye vifuko kichomwe moto, au kizikwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kufukua. Viungo vingine vya mbwa vichemshwe kwanza, saa nzima. Na watoto wanawe kwa sabuni baada ya kumshika mbwa na kabla ya kula. Muganga wa mifugo ana dawa ya kumtoa mbwa minyoo. Jina lake ni prazikanteli, dawa ileile watoto wetu wanayopewa masomoni kwa ajili ya kichocho cha ziwa. Lakini kipimo cha mbwa si cha mtoto, kwa hiyo tusimpe sisi wenyewe vidonge vya masomo.

Mfupa mmoja, mbwa mmoja, mtoto mmoja

Sisi walimu tunaona mwezi wa kwanza, masomo yakifunguliwa, watoto wanaorudi na kitambaa mguuni au mkononi. "Ulifanya nini?" "Mbwa aliniuma siku ya sikukuu." Ukiuliza zaidi, hadithi inafanana: mbwa alikuwa anakula, mtoto alikaribia. Au wageni walikuja na watoto wasiomjua mbwa. Au mtoto alimwonyesha mfupa, akaurudisha, akamwonyesha tena, kwa mchezo.

Basi hapo ndipo bisikwi zinapokuwa somo. Wakati mtoto anakata donge kwa kifuniko cha chupa, mfundishe haya:

Mbwa anayekula, anayelala, au anayenyonyesha haguswi, hata kama ni wa kwenu.

Mtoto wa chini ya miaka sita hampi mbwa chakula kwa mkono. Anakiweka chini, anarudi nyuma pamoja na mtu mkubwa, ndipo mbwa anaitwa.

Mbwa hachezewi kwa kumnyima. Ukimwonyesha, umempa.

Mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie. Simama wima kama mti, mikono imeshikana na mwili, usimtazame machoni, mpaka aende.

Na sisi wakubwa: wageni wakija, mbwa awekwe nyuma ya nyumba, kivulini, na maji na chakula chake, kabla sahani hazijatoka. Afungwe kwa kamba ndefu isiyomnyonga. Usiku wa Bonane, makelele ya muziki na ngoma yanamtia hofu. Mbwa wengine wanakimbia na kupotea, wengine wanauma kwa woga. Akiwa mahali anapopajua, na tumbo limejaa, anatulia.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto anayejifunza kungoja mbwa amalize kula amejifunza pia kungoja mwenzake amalize kusema. Na mtoto anayepiga mbwa kwa mawe akichekewa, mwaka utafika atampiga mdogo wake.

Akiumwa, saa ya kwanza ni ya mama

Tumeacha hili mwisho ili libaki kichwani. Kichaa cha mbwa, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa la rage, kinapita ndani ya mate. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba kinaua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na mbwa anayeshukiwa, kama 40 kwa mia ni watoto wa chini ya miaka 15. Ugonjwa ukishaonyesha dalili, yaani kuogopa maji, kutapatapa, kutokwa mate, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kuna muda, mara nyingi majuma kadhaa, na muda huo ndio uhai wa mtoto.

Mwezi wa saba mwaka 1885, mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister aliumwa na mbwa mwenye kichaa mahali pengi. Mama yake hakungoja. Alimchukua akasafiri naye mpaka Paris, kwa mtaalamu Louis Pasteur, aliyekuwa amejaribu chanjo yake kwa mbwa. Siku mbili baada ya kuumwa, tarehe 6, mtoto akachomwa sindano ya kwanza, na katika siku kama kumi akapata 13. Aliishi, akawa mtu mzima, akafanya kazi ya ulinzi katika taasisi ya Pasteur. Jina la Pasteur liko katika vitabu vyote vya masomo. Sisi wamama tukumbuke pia yule mama aliyeingia safarini na mtoto wake.

Kwa hiyo mtoto akiumwa, au akikwaruzwa na jino la mbwa, hata kama ni kidogo, hata kama mbwa ni wa jirani mwema:

Osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Maji yakitiririka ni bora. Sabuni inaua virusi kwenye kidonda. Mtoto atalia; endelea.

Usipake majani, mafuta ya mawese, pilipili, wala unga wa betri. Usifunge kidonda kwa nguvu.

Peleka mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni Noeli, na uliza waziwazi juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama hapo haipo, waulize ipo wapi, ukafuate. Usikubali kuambiwa "tungoje tuone" mpaka dalili.

Mbwa, kama anajulikana, asiuawe kwa hasira. Afungwe na aangaliwe siku kumi. Akibaki mzima siku zote kumi, hiyo ni habari njema ya kumwambia muganga. Akibadilika au akifa, muganga ajue mara moja. Lakini chanjo ya mtoto haingoji siku hizo kumi ziishe.

Na dawa kubwa kuliko zote ni chanjo ya mbwa mwenyewe. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kisiwa cha Pemba kule Zanzibar kiliuzima kwa njia hiyo. Chanjo ilipolegea ukarudi, wakaanza upya wakauzima tena. Kama kisiwa kimeweza, avenyu moja ya Uvira inaweza kuanza.

Kazi ya vikundi juma hili

Tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu kabla ya tarehe 24. Kwanza, hesabuni mbwa wa avenyu yenu: wangapi, wa nani, wangapi wamechanjwa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuandika orodha hiyo katika daftari. Pili, mmoja wenu aende na orodha kwa ofisi ya ufugaji aulize siku na bei ya chanjo, maana mbwa kumi wakipelekwa pamoja ni rahisi kumwomba muganga aje, kuliko kila mama kuzunguka peke yake. Tatu, kikundi kimoja kipike bisikwi siku ya mkutano, ili makala yawe ya pamoja na kila mtoto aondoke na tatu za mbwa wake.

Na wewe mama wa makala, njoo hata kama huna mbwa. Watoto wako wanapita katika avenyu yenye mbwa, na somo la dakika 15 za sabuni halilipiwi.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya viatu na daftari za mwezi wa kwanza, na namna ya kutomaliza pesa yote usiku wa Bonane. Noeli njema kwenu, kwa watoto, kwa wazee, na kwa yule anayelala mlangoni.